Matema mpaka Rasi ya Ikombe: namna ya kuizunguka pwani ya mawe ya Ziwa Nyasa ukitokea Mbeya

Sisi watu wa Mbeya tukisema tunaenda Matema huwa tunamaanisha mchanga. Unafika Jumamosi mchana, unaogelea, unapiga picha na ile milima kwa nyuma, jioni samaki wa kuchoma, Jumapili saa nane uko kwenye kosta unarudi Uyole. Mimi nlienda hivo hivo mara nne nzima kabla mtu hajaniambia nitembee mpaka ule mchanga unapoishia upande wa mashariki, na kwa kweli hapo ndo nkajua nlikuwa sijafika. Pale milima ya Livingstone inashuka na kuingia ziwani moja kwa moja, mawe makubwa kama nyumba yamelala majini, njia nliyopita mimi ni ya miguu au mtumbwi, na mbele yake kuna kipande cha nchi kimechomoza ziwani kinaitwa Ikombe. Ni rasi ya Wakisi, wale ambao vyungu vyao vyenye urembo mwekundu na mweupe unaviona masokoni huku kwetu na pengine unacho kimoja jikoni bila kujua kimetoka wapi.

Naandika hii ili ukienda usiishie mchangani. Ntaeleza siku ya kuondoka, njia, mtumbwi, namna ya kukaa na wenyeji, mambo ya kuogelea, mpaka chungu chako kifike nyumbani kizima.

Kwanza siku, kwa sababu ukikosea siku umekosea safari nzima. Soko la vyungu liko Lyulilo, kijiji kilicho kama km 2 kutoka Matema ukifuata ufukwe kwenda mashariki, na siku yake ni Jumamosi. Sasa watu wakishasikia Jumamosi wanaondoka Mbeya Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, wanafika mchana, soko limeshapoa, wanakuta vyungu vilivyobaki vimerundikwa na wenye navyo wanajiandaa kuondoka. Afu wanavuka kwenda Ikombe Jumapili wanakuta watu wako kanisani, hakuna anayefinyanga. Kwa hiyo plani yangu mimi ni hii: ondoka Alhamisi, Ijumaa alfajiri vuka Ikombe ukawaone wakiwa kazini, Jumamosi asubuhi uwe Lyulilo sokoni, Jumamosi mchana ogelea upumzike, Jumapili rudi. Kama kazini hawakupi Ijumaa basi ondoka Ijumaa mara tu ukitoka kazini ulale Matema, angalau soko lisikupite.

Msimu nao uangalie. Kyela ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi sana nchi hii, mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na ile Aprili na Mei maji yanajaa mashambani, mito inafurika na ziwa karibu na midomo ya mito linakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Juni mpaka Oktoba ni kukavu, maji masafi, ila huo pia ndo wakati wa upepo mkali wa kusini hasa Juni, Julai na Agosti, na Matema iko kwenye kona ya juu kabisa ya ziwa kwa hiyo mawimbi yote yanasafiri yanakuja kumalizikia pale. Ukiniuliza mimi ntakwambia Septemba na Oktoba mwanzoni. Kuna joto sana, lakini maji yametulia na unaona mawe chini kabisa.

Njia siku hizi ni nyepesi. Toka stendi ya Nanenane, uliza gari linaloenda Ipinda au Matema moja kwa moja, usipolipata panda la Kyela na umwambie konda mapema akushushe Kikusya, pale njia inapochepuka. Kutoka Kikusya kupitia Ipinda mpaka Matema ni lami, km 39 hivi, unapanda gari dogo au bodaboda. Zamani ile sehemu ilikuwa matope matupu wakati wa mvua, mtu alikuwa anafika Matema amechakaa kama ametoka kulima.

Usilale kwenye gari. Ukitoka Uyole unapanda kwanza mpaka Isyonje kwenye baridi na ukungu, halafu unaanza kushuka, Kiwira, Tukuyu kwenye chai na migomba, na kuanzia hapo masikio yanaanza kuziba maana mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000. Sweta unalivua Tukuyu, ukifika Kikusya unatamani uvue na shati. Kule chini unaanza kuona mpunga, michikichi, na kakao, kama ni msimu utaona mbegu za kakao zimeanikwa kwenye mikeka uani kwa watu na ile harufu yake chachu kidogo kama pombe inayoanza kuchacha inaingia mpaka ndani ya gari. Mimi hiyo harufu ndo inaniambia nimefika Kyela.

Njiani kuna vitu vingine watu watakwambia ushuke uone, Daraja la Mungu na Kijungu pale Kiwira, Ziwa Ngosi, maporomoko ya Kaporogwe, Ziwa Masoko ukikata upande wa Tukuyu. Vyote vizuri na vyote vinastahili siku yake. Usivichanganye na safari hii, ukishuka sehemu mbili tu umefika Matema usiku na Ijumaa yako imeharibika.

Hela chukua kabla, Tukuyu au Kyela kuna benki. Chukua noti ndogo ndogo na nyingi, maana kule mbele kwa mama anayeuza chungu au kijana wa mtumbwi ukitoa noti ya elfu kumi unampa kazi ya kutafuta chenji kijiji kizima. Wakala wa simu Matema wapo, Ikombe usitegemee.

Kulala Matema sio shida, kuna gesti za bei ya chini kijijini, kuna nyumba za wageni za kanisa, na kuna kambi za kitalii za bei ya juu zilizo ufukweni kabisa. Hakikisha tu vitu viwili: chandarua kisichokuwa na matundu na dirisha linalopitisha upepo. Huku sio Mbeya mjini, hapa malaria ipo mwaka mzima na usiku joto halipungui. Chandarua kichomeke chini ya godoro kabla jua halijazama.

Na jua la Matema lina tabia yake. Milima iko mashariki, kwa hiyo asubuhi kunakucha lakini jua lenyewe hulioni, unakaa kwenye kivuli cha mlima muda mrefu wakati ule upande wa pili wa ziwa umeshawaka. Faida yake ni kwamba asubuhi ni ya ubaridi na ndo wakati wa kutembea. Jioni inakuwa kinyume, jua linazama upande wa Malawi na milima ya Bundali, na mwanga wote unaipiga Livingstone usoni, kila bonde na kila korongo unaliona, mawe yanakuwa mekundu. Kama unataka picha ya milima piga saa kumi na moja jioni, asubuhi utapata kitu cheusi tu.

Sasa Ikombe.

Mimi nazijua njia mbili. Ya miguu inaanzia Lyulilo, inapanda na kushuka pembezoni mwa mlima, sehemu zingine ni kijinjia cha mguu mmoja na chini yako ni mawe na maji, inataka viatu vyenye kushika vizuri na mtu wa pale wa kukuongoza. Usiende na ndala, na mvua ikinyesha usiende kabisa, mawe yanateleza. Ya pili ni mtumbwi, na mimi naipenda hii kwa sababu pwani ile huwezi kuielewa ukiwa juu yake, lazima uitazame kutoka majini. Mtumbwi wa kasia ni kama saa moja mpaka saa moja na nusu ziwa likiwa shwari, boti ya injini ni haraka zaidi ila kelele zinakunyima kila kitu.

Makubaliano fanya jioni ya siku inayotangulia, usisubiri asubuhi. Mkubaliane bei ya kwenda NA kurudi, mkubaliane atakusubiri saa ngapi, mkubaliane wangapi mnapanda, na hela yote usitoe, toa nusu. Nasema hivi kwa sababu mara yangu ya kwanza nlikubaliana kwa maneno ya juu juu, tulipofika katikati ya maji nkaambiwa bei ile ilikuwa ya kwenda tu, na ukiwa katikati ya maji huna ubishi. Uliza kuhusu laifu jaketi. Mitumbwi mingi haina, kwa hiyo uliza pale unapolala kama wanazo uazime. Mita chache tu kutoka kwenye yale mawe kina kinaanguka, mlima ule unaouona juu unaendelea hivyo hivyo chini ya maji, na ziwa hili kwa sehemu zake za ndani kabisa linafika mita 700 hivi. Hata kama unajua kuogelea vaa.

Na muda. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi au kumi na mbili na nusu, rudi kabla ya saa sita. Usibishane na hili. Sisi tulibishana. Tulikuwa watatu, tulikuwa tumenogewa na maongezi kule Ikombe, mzee wa mtumbwi akatuita mara ya kwanza, mara ya pili, tukasema dakika kumi tu mzee, tukaondoka saa nane. Hatujafika nusu ya njia upepo ukaingia kutoka kusini, mawimbi yakawa yanatupiga ubavuni, maji yanaingia kuliko tunavyoyachota na kile kikombe cha plastiki, mwenzetu mmoja analia. Mzee hakusema neno, akageuza mtumbwi akauingiza katikati ya mawe mawili makubwa, tukashuka maji yakiwa kifuani, tukaukokota juu ya kokoto. Nkamuuliza, "Mzee wangu, tunaenda saa ngapi?" Akasema, "Tunakaa hapa mpaka ulale." Alikuwa anauzungumzia upepo. Tulikaa chini ya lile jiwe mpaka giza linaingia, tumelowa, tukaja kuondoka ziwa limekuwa kama sahani. Shikamoo yangu kwa yule mzee haitaisha. Akikuita mara ya kwanza, nyanyuka.

Ila ukiondoka mapema, ile safari yenyewe ya kwenda ni moja ya vitu vizuri nlivyowahi kuona kwenye nchi hii. Mtumbwi unapita karibu sana na ukuta wa mlima, vijito vinadondoka kutoka juu, nyumba moja moja zimeng'ang'ania mtelemko na mihogo yao pembeni, unajiuliza mtu analima vipi pale bila kujifunga kamba. Mwambie mwenye mtumbwi asimamishe kasia kidogo karibu na mawe na uchungulie chini. Utaona samaki wadogo wa bluu iliyokolea, wa njano, wenye mistari myeusi, wanakwangua ukoga kwenye mawe. Ndo hawa hawa ambao watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, samaki wa mapambo. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani na wengi wao hawapo popote pengine, yaani aina ya samaki inaweza kuwa inaishi kwenye kipande kimoja tu cha mawe, ukishapita mchanga ukafika mawe mengine unakuta aina nyingine. Na wengi wa hawa wa mawe jike anabeba mayai mdomoni, anakaa hali mpaka vitoto viwe tayari kutoka. Kama una miwani ya kuogelea njoo nayo, hata ya bei rahisi, usiache nyumbani.

Kufika Ikombe kuna adabu zake na ni rahisi tu. Hiki ni kijiji cha watu, sio mbuga. Ukishuka msalimie wa kwanza unayekutana naye, muulize nyumbani kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, nenda ukajitambulishe, sema umetoka wapi na umekuja kuona ufinyanzi. Haichukui dakika tano na baada ya hapo unatembea huru, watoto wenyewe watakupeleka. Shikamoo inafanya kazi kila mahali. Wakisi wana lugha yao lakini Kinyakyusa wengi wanakielewa, ukisema "ndaga" kama asante watacheka vizuri na mazungumzo yanafunguka. Simu iache mfukoni mpaka mmezoeana, afu omba. Mama akisema hapana kwenye picha ni hapana, usipige kwa kujificha ukiwa mbali. Nimeona mgeni akifanya hivo na mama yule akafunika kazi yake akaingia ndani, na sote tuliobaki pale tuliona aibu.

Ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Bibi nliyekaa kwake alikuwa amekaa chini miguu ameinyoosha, mbele yake kigae cha chungu kilichovunjika kimegeuzwa kuwa kitako, juu yake donge la udongo. Anakizungusha kile kigae kwa mkono wa kushoto taratibu, mkono wa kulia dole gumba liko ndani kiganja kiko nje, ukuta unapanda. Hakuna mashine, hakuna kipimo, na vyungu sita vilivyokuwa vimepangwa nyuma yake midomo yake imelingana kama imekatwa na mashine. Akinyanyua ukuta unaona alama za vidole, halafu anazifuta kwa kipande cha kibuyu kilicholowa, na kikishakauka kiasi anachukua kokoto nyeusi laini, imelika upande mmoja kwa kusugua, anaanza kuling'arisha tumbo la chungu, kwii kwii kwii, mpaka linang'aa. Nkamuuliza hiyo kokoto kaipata lini. Akasema ilikuwa ya mama yake.

Alinipa donge nijaribu. Likanishinda, ukuta ukapinda upande. Akanishika mkono akaniambia, "Usilikabe mjukuu wangu, litazunguka lenyewe." Ukipewa nafasi hiyo ikubali, hata kama utachafuka, na ukimaliza rudisha udongo wote maana umechimbwa na kubebwa kichwani.

Ule urembo mwekundu wanausaga kutoka kwenye mawe na udongo mwekundu, mweupe ni udongo mweupe. Kuchoma wanachomea nje, hakuna tanuru, vyungu vinapangwa chini vinafunikwa nyasi na kuni, moto unawaka mara moja wote. Ijumaa nliyokwenda mimi walikuwa wanachoma kwa ajili ya soko la kesho yake, ukifika wakati huo kaa upande upepo unakotokea na usisogee karibu, chungu kikiwa na unyevu kinapasuka na vigae vinaruka.

Kununua pale pale kwa aliyefinyanga naona ni haki zaidi, hela yote anaishika yeye. Sasa usiende kumkaba bei. Piga hesabu ya udongo, kuni, kukausha, kuchoma, vile vinavyopasuka, halafu kupiga kasia mpaka Lyulilo, ndo utaje bei yako. Mimi huwa nabishana kidogo kwa ajili ya maongezi na nikishapewa bei ya mwisho naongeza.

Jumamosi Lyulilo. Amka mapema, tembea ufukweni kwa mguu, km 2 hazikuchoshi. Mitumbwi inaingia kutoka upande wa rasi imejazwa vyungu mpaka unashangaa haizami, vimepangwa midomo chini, vidogo ndani ya vikubwa, nyasi katikati, na wanaume wanavipokea majini mmoja mmoja wanavipanga mchangani. Kuna mitungi ya maji, vyungu vya mboga, vikubwa vya pombe, vikaango. Wachuuzi wa jumla wanafika mapema kutoka Kyela, Tukuyu mpaka Mbeya, wao wanabeba mia mia, kwa hiyo kama unataka vile vyenye urembo mzuri uwahi kabla yao. Na sio vyungu tu, kuna mihogo, ndizi, usipa wakavu, mchele.

Namna ya kuchagua, nliyofundishwa na mama mmoja pale sokoni: kininginize chungu kwa vidole viwili mdomoni, kigonge tumboni kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya kufa, du, kama unagonga ubao uliolowa, kina ufa hata kama huuoni. Halafu kielekeze juani utazame ndani, mwanga usipenye popote. Madoa meusi ya moto sio ubovu, ni alama ya kuchomea nje, mimi nayapenda.

Mchana kula. Mchele wa Kyela hauhitaji maelezo, ukipikwa nyumba ya tatu wanajua. Samaki agiza mbasa kama yupo, ni samaki wa rangi ya fedha mwenye nyama tamu, anapanda mito kwenda kuzaa kwa hiyo hapatikani kila siku wala kwa wingi ule ule. Akikosekana kula usipa, wale dagaa wa Nyasa, wabichi waliokaangwa siku hiyo hiyo na ndimu na pilipili. Agiza mapema, saa nne mwambie mama utakuja saa saba.

Kuogelea, hapa naomba unisikilize. Maji ya Matema ni matamu na masafi, ila kuna mambo mawili. La kwanza mamba. Mto Lufirio unaingia ziwani upande wa magharibi wa Matema, na midomo ya mito na kwenye matete ndo makazi yao, usiogelee huko wala usitembee huko jioni. Ogelea pale wenyeji wanapoogelea, uliza kila siku, ulizia hata kama jana uliogelea hapo hapo. La pili kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini, vinapenya ngozi bila kuhisi chochote, na konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Kwa hiyo kaa mbali na madimbwi, majani na sehemu za kufulia, ogelea kwenye mchanga wazi au mawe ambako mawimbi yanapiga, jifute vizuri ukitoka, na baada ya miezi miwili hivi nenda kapime. Dawa yake ipo na hospitali za kwetu wanaijua vizuri kabisa. Usikae nayo mwilini kwa sababu hujisikii kuumwa.

Siku zingine utaona mbali ziwani kama moshi unapanda, nguzo nyeusi ndefu kabisa inasogea. Sio moto. Ni vijidudu vinavyoruka, mamilioni, vinazaliwa kwenye maji kwa wakati mmoja. Vikija ufukweni funga mdomo na ufunge dirisha, haviumi.

Mwenye siku zaidi na miguu mizuri ana vitu vingine viwili. Juu kabisa nyuma ya ile milima ni Ukinga, na zaidi kaskazini ni Kitulo, ile Bustani ya Mungu yenye maua iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Wapo wanaoshuka kwa miguu kutoka Kitulo mpaka Matema, ni safari ya siku nzima na zaidi, magoti yanalia, inataka mwongozaji wa hifadhi na sio ya kujaribu peke yako. Cha pili ni meli. Kutoka bandari za Kyela, Itungi na Kiwira (hii ya ziwani, sio Kiwira ile ya njiani), MV Mbeya II inashuka na pwani hii hii ya mawe kupitia Lupingu na Manda mpaka Mbamba Bay, inabeba abiria 200. Ratiba ulizia bandarini siku hizo hizo, usiamini ya kuambiwa na mtu. Ukifika Liuli kuna jiwe la Pomonda, lile ambalo Wajerumani waliona kama sanamu ya Misri wakaiita bandari yao Sphinxhafen, na hapo ndo Agosti 1914 boti ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Hiyo ni safari nyingine, inataka wiki.

Sasa kurudi na chungu. Mtungi wangu wa kwanza konda aliuweka juu ya keria, akaniambia usijali kaka, tulipofika Kiwira ulikuwa vipande vinne. Kwa hiyo: ndani jaza nguo zako chafu ukaze, nje zungushia majani makavu ya migomba, Matema utapewa bure, funga kwa kamba ya mgomba, halafu kipakate. Kama ni viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa kikiwa na nguo katikati. Lipia siti ya pili kama ni kikubwa, bei ya siti ni ndogo kuliko uchungu wa kukiokota.

Ukifika nyumbani usikipike siku hiyo. Kijaze maji kilale usiku kucha, kitanywa, utakuta maji yamepungua na nje kumelowa, usiogope. Asubuhi mwaga, pika ndani yake uji mwepesi wa mahindi kwa moto mdogo wa mkaa, taratibu, uuache uchemke muda mrefu ule wanga uzibe vitundu, uji wenyewe umwage. Kikipoa kiache kikauke mdomo juu. Usikiweke kitupu motoni, na kikiwa cha moto usikitie maji baridi. Siku ya tatu anza na maharage.